Wigi la mwanasesere linateleza, lakini gundi ya lesi iache saluni

Swali limetoka kwa msusi wa Dar es Salaam. Mteja wake anayekusanya wanasesere wa thamani amemletea wawili. Mmoja ni wa resini, urefu wake sentimita 60 hivi, viungo vinakunjika na uso umechorwa kwa mkono. Wigi ambalo msusi amemshonea kwa kanekaloni, zile nywele za bandia, linamtoka kila akiinamishwa. Wa pili ni wa kauri, wa zamani, ana maandishi "Germany", "390" na "A.M." kisogoni. Nywele zake zimebanduka na utosi uko wazi. Anauliza: "Shikamoo. Naweza kutumia gundi ya lesi kama ninavyowafanyia wateja wangu, kidogo tu pembezoni mwa paji la uso? Na kama siyo hiyo, ni gundi gani isiyoharibu rangi ya uso?"

Marahaba, mwanangu. Gundi ya lesi usiiguse. Na kwa yule wa resini jibu langu ni fupi zaidi ya hapo: hakuna gundi. Wigi lake halishikwi na gundi, linashikwa na kipimo.

Najua ilivyokujia. Kichwani kwa mteja ile gundi inafanya kazi, umeiona kwa macho yako. Lakini ngozi ya mtu inatoa jasho na mafuta, inajichubua na kuota upya, na gundi uliyompaka Jumamosi baada ya siku kadhaa inaanza kuachia yenyewe. Hata ukimkwaruza kidogo, wiki ijayo amepona. Mwanasesere haponi. Kilichong'oka kimeng'oka.

Tazama uso wenyewe ulivyotengenezwa, utanielewa. Mchoraji huanza kwa kupuliza vanishi isiyong'aa, ili resini ipate ukwaruzo kidogo wa kushika rangi. Kisha husaga chaki laini za rangi mpaka ziwe vumbi, akazipaka kwa brashi: wekundu wa mashavu, kivuli cha kope, weusi kidogo kwenye pembe za midomo. Nyusi huchorwa unywele mmoja mmoja, kwa penseli za rangi ya maji au kwa akriliki. Anapuliza tena vanishi, anaongeza rangi, anapuliza tena. Kwa hiyo hilo shavu unaloliona limeiva ni vumbi lililofunikwa kwa utando mwembamba, basi. Wachoraji wengi hupenda vanishi ya Kijapani iitwayo Mr. Super Clear, na wanapotaka kuufuta uso wote ili wachore upya hutumia spiriti ya isopropili. Sasa jiulize ile dawa yako ya kutolea gundi ya lesi ina nini ndani. Nyingi zina spiriti, nyingine mafuta ya maganda ya machungwa. Ukiweka gundi pembezoni mwa paji, siku ya kuitoa utalazimika kuleta, sentimita moja tu kutoka kwenye nyusi, kitu kilekile wachoraji wanachotumia kufutia uso.

Gundi nyingine nazo zina madhambi yao. Bondingi nyeusi ya kubandikia nywele ni maji ya mpira yenye amonia, na weusi wake unaingia kwenye resini. Gundi ya moto ya bunduki ikipoa inang'ang'ania vanishi, ukiivuta inatoka na ngozi yake. Gundi ya pande mbili ya karatasi katika joto letu inayeyuka na kuacha utelezi unaokusanya vumbi. Ya kuogopwa kuliko zote ni supaglu, na si kwa sababu inashika sana. Inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukitua kwenye kitu cha karibu unaacha ukungu mweupe. Mtu anaweka tone moja utosini, anafunika wigi, asubuhi anakuta mashavu na macho yana utando kama wa jivu. Hakugusa uso hata kidogo.

Tena wanasesere hawa hawakuundwa wabandikwe nywele. Tangu kampuni ya Volks ya Kyoto ilipoanza kuuza Super Dollfie mwaka 1999, raha yote ya hobi hii imekuwa ni kubadilisha: leo macho ya kijani na nywele fupi, kesho macho ya kahawia na mabutu. Kichwa kina kifuniko nyuma, mara nyingi kimeshikwa na sumaku, ili mwenye naye aingie ndani abadilishe macho. Ukibandika wigi umeufunga mlango huo. Mteja wako atakuja kuligundua siku ambayo haupo.

Basi kwa nini lako linateleza? Naweza kukisia bila kuliona. Umeshona kanekaloni ndefu, pengine mpaka kiunoni, juu ya wavu wa nailoni. Wavu wa nailoni juu ya resini ni sabuni juu ya kigae. Kichwa chenyewe kina umbo la yai, hakina nywele chini za kubana pini, na uzito wote wa nywele unaning'inia kisogoni. Kila akikaa, uzito unavuta wigi nyuma, ukingo wa mbele unapanda, na mteja anausukuma kurudi chini kwa kidole gumba. Hicho kidole ndicho kinachoharibu uso, kabla hata hujaleta gundi yoyote.

Anza na kupima. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe juu ya paji pale nywele zinapotakiwa kuanzia, ipite juu ya masikio, ishuke mpaka chini ya kisogo. Wanasesere wa sentimita 60 wengi huangukia inchi 8 hadi 9, yaani sentimita 20 hadi 23, na mawigi yao huuzwa kwa namba hizo. Lakini usimwamini muuzaji wala mimi, pima. Wigi lililozidi kichwa kwa sentimita moja tu litatembea. Kama lako limezidi, usilifumue. Geuza ndani nje, shona mikunjo miwili midogo nyuma, mmoja kila upande wa kisogo, kama unavyopunguza kiuno cha sketi. Kisha pitisha lastiki nyembamba kwenye pindo la nyuma peke yake. Mbele usiweke lastiki. Lastiki ya mbele inakaa juu ya paji, inabana, inaacha mstari kwenye vanishi, na ikikatika ghafla inaupiga uso.

Hapo nusu ya tatizo imekwisha. Nusu iliyobaki ni utelezi, na dawa yake ni silikoni, ambayo inakwama bila kubandika. Zipo kofia ndogo za silikoni zinazouzwa kwa kazi hii, nyeupe au zisizo na rangi. Unamvika mwanasesere kofia, wigi linakaa juu yake na halitoki hata akilala kifudifudi. Mteja wako anayeagiza wanasesere nje anaweza kuagiza na kofia, ni kitu chepesi. Akikosa, utaitengeneza wewe, na njia yangu ni hii.

Tafuta mpira wa tenisi. Mzunguko wake ni kama sentimita 21, karibu sawa na kichwa cha huyo mwanasesere wako, na wala hauna uso wa kuharibu. Uvike nailoni ya kufungia chakula. Geuza wigi ndani nje, livalishe mpira, nywele zote zifungwe kwa chini zisikusumbue. Chukua silikoni isiyo na rangi, ile ya mafundi wa mabomba na vigae, uikamue kidogo kwenye ncha ya kijiti cha meno, kisha uchore mistari myembamba ya mawimbi ndani ya wigi: mmoja nyuma ya ukingo wa mbele kwa upana wa kidole, miwili kwenye pande juu ya masikio, na mmoja kisogoni. Mistari, siyo kupaka kote kama siagi. Ukipaka kote wigi linakuwa gumu kama ganda la kobe. Halafu liache. Silikoni nyingi za dukani zinanuka siki zikiwa zinakauka, na hiyo ni asidi kweli inayotoka, hutaki ifukie ndani ya kichwa cha mtu wa laki kadhaa. Siku mbili, hata tatu kama mvua zinanyesha. Nusa. Ukisikia siki, rudisha juani. Ikishakuwa haina harufu na kidole kikigusa hakishiki unyevu, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke, ndipo imguse mwanasesere.

Velkro nayo ipo, na watu wanaipenda kwa kuwa ni rahisi: kipande kidogo cha upande mgumu kinabandikwa utosini, kinashika wavu wa wigi. Mimi naikubali mahali pamoja tu, juu ya kile kifuniko cha nyuma kinachotoka, ambacho kikichafuka hakionekani. Isikaribie paji. Na ukisikia mtu anashauri sumaku ndani ya wigi, zinafanya kazi, lakini uliza kwanza kama nyumbani kwa mteja kuna mtoto mdogo. Sumaku mbili zikimezwa zinavutana tumboni na kubana utumbo, hiyo ni hospitali ya usiku.

Sasa kuvisha na kuvua, ambako nyuso nyingi zinafia. Nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Nilikuwa nimemaliza kazi, wigi limekaa vizuri, nikataka kulitoa mara moja nipunguze uzi uliochomoza. Nikalishika kisogoni nikalivuta kuja mbele, kama mtu anavyovua kofia ya kuogelea. Pindo likapita juu ya uso wote. Sikusikia kitu. Nilipogeuza taa nikaona nyusi ya kushoto imebaki nusu, ile sehemu ya kuelekea sikioni imekuwa moshi wa kahawia uliosambaa kwenye paji. Mchoraji alifuta uso mzima na kuuchora upya, kwa sababu nyusi moja hailingani na nyingine ikichorwa siku tofauti. Nililipa mimi.

Kwa hiyo: osha mikono, ikauke, usipake losheni siku hiyo. Ufunike uso. Wanasesere wengi huletwa na kinyago cha plastiki, kiweke juu ya tishu laini. Kama hakuna, kata bafta nyeupe safi, izungushe usoni ukaifunge kisogoni, ikae bila kubana wala kusugua. Mkalishe magotini pako akikutazama, shika kichwa chini ya taya nyuma ya masikio. Usimshike pua wala mashavu hata juu ya kitambaa. Wigi lianzie mbele: weka ukingo juu kidogo ya mahali unapotaka nywele zianzie, kisha tanua nyuma, ushushe mpaka kisogoni. Limekaa upande? Linyanyue ulisogeze, usiliburute. Silikoni ikiburutwa inafuta kama raba ya penseli. Wakati wa kuvua, ingiza vidole viwili nyuma ya sikio kila upande, pasua nafasi kati ya wigi na kichwa, inua ukingo wa mbele uachane na paji hewani kabisa, ndipo lirudi nyuma na kutoka kisogoni. Usilete nywele mbele. Kanekaloni ngumu zilizochanwa vibaya zinakwangua midomo na kunasa kope zilizobandikwa.

Kitu kimoja hukuuliza, lakini kitakuja kukuumiza: rangi. Nywele ulizotumia ni nyeusi, na uzi wako bila shaka mweusi. Resini inanyonya rangi, na vinili inanyonya zaidi. Nimeona vichwa vilivyovaa wigi jekundu mwaka mzima, ukilivua unakuta mstari wa waridi kama mtu aliyelala juu ya hina, na hautoki kwa sabuni. Kabla ya kumvisha, chukua kipande cha bafta nyeupe, kiloweshe, kikamue, kikandamize ndani ya wigi usiku kucha chini ya kitu kizito. Asubuhi kikiwa na rangi hata kidogo, osha wigi na rudia mpaka kitoke cheupe. Hata likipita mtihani huo, wigi la rangi kali lisikae kichwani miezi. Mwambie mteja alivue anapomrudisha kabatini, na kofia ya silikoni nayo aitoe na kuikagua. Mipira ya manjano ya kufungia pesa isitumike popote karibu na kichwa, katika joto inanata na kuacha alama ya kudumu.

Tuje kwa bibi Mjerumani. Hizo herufi A.M. ni Armand Marseille, ambaye kiwanda chake huko Köppelsdorf, karibu na Sonneberg, Ujerumani, kilitengeneza vichwa vya kauri. Namba 390 ni ya umbo la kichwa, nalo ni miongoni mwa yaliyotolewa kwa wingi kabisa. Neno "Germany" nalo lina hadithi: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vya Ujerumani vikaanza kugonga jina hilo. Yeye ni wa baada ya hapo. Si adimu, lakini ana umri wa kumzidi nyanya yako.

Huyu kwa kawaida uso wake una nguvu kuliko wa yule kijana wa resini. Rangi yake ilipakwa juu ya kauri na kurudishwa tanuruni ikachomwa, kwa hiyo kidole hakiifuti. Ila angalia kwanza. Miaka ya 1920 na 1930 viwanda vya Ujerumani vilitoa pia vichwa vya bei nafuu, vilivyopakwa rangi baridi na kuuzwa hivyo hivyo bila kuchomwa tena. Mulika tochi ukingoni mwa shingo na kuzunguka tundu la utosi. Ukiona rangi ya ngozi imebanduka vipande na weupe unachungulia chini, huyo ni wa rangi baridi. Usimguse kwa maji kabisa, hata pamba yenye unyevu.

Utosi wazi si ajali. Macho yaliingizwa kwa hapo, kisha tundu likafunikwa kwa kadibodi iliyofinyangwa (Wafaransa walipenda koki), na wigi la manyoya ya mbuzi wa Angora au nywele za watu likabandikwa juu. Huenda kile kifuniko bado kipo kwa mteja, mwambie apekue boksi. Kikikosekana, finyanga kipya kwa kadibodi iliyoloweshwa juu ya kitu cha mviringo, ikauke kabisa. Kisha fanya kazi ambayo mikono yako inaijua: kivike kifuniko bafta, ishone imkaze, halafu lishone wigi juu ya bafta hiyo kwa mishono mirefu michache pembezoni. Sasa wigi na kifuniko ni kitu kimoja, na umefika hapo bila tone la gundi.

Kifuniko ndicho kitakachoshikwa kwenye kauri, na kwa huyu nakuruhusu gundi, kwa vitone vinne au vitano tu kwenye ukingo wa tundu, vya ukubwa wa punje ya mtama. Iwe ya selulosi ya methili, ile ya unga inayochanganywa na maji na kutumiwa na mafundi wa kubandika karatasi za ukutani. Soma pakiti kwanza uhakikishe haina plastiki iliyoongezwa. Inashika vya kutosha na inalegea kwa unyevu, kwa hiyo atakayekuja baada yako ataweza kuifungua bila patasi. Uji wa wanga wa ngano nao ni wa heshima, wahifadhi wa makumbusho wanautumia, lakini kwa Dar mende watakushukuru.

Maji yasiingie ndani ya kichwa. Macho yanayofumba na kufumbua yameshikiliwa kwa plasta ya jasi, ikilowa inaachia, na jicho la kioo likidondokea ndani utalisikia. Mwili nao ni mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi, unavimba na kupasuka. Mabaki ya gundi ya zamani, ile iliyopikwa kwa ngozi za wanyama, yalegeze kwa pamba ya masikioni iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, kidogo, subiri, ifute, ikauke, rudia. Kazi ya jioni mbili hiyo, si ya nusu saa mteja akisubiri kwenye benchi.

Wigi lake la zamani, hata liwe limeliwa na nondo na kubaki kama kiota cha ndege, usilitupe. Liweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, liandike ni la nani na limetoka lini, umkabidhi mteja mkononi. Wakusanyaji wanalipia kitu cha asili hata kikiwa kibovu. Na kabla hujagusa yeyote kati ya hao wawili, piga picha za nyuso zao kwa mwanga wa dirishani, mbele na pande zote mbili, umtumie mteja hapohapo naye akujibu kwamba ameziona.